Kashata

Mchomvu analaza tairi tatu juu ya zege
kama mtu anayetandaza vitenge.
Saa nne asubuhi, Kiusa,
mlima umejifunika, hautaki maswali.

"Hii ya lami, mama. Laini, kimya, mafuta kidogo.
Hii ya matope. Ona meno hayo.
Hii ya katikati, ya njia zote."

Terewaeli keshaipenda ya matope.
Anaizunguka, anaipiga teke moja la kiungwana,
anasoma herufi nyeupe za ubavuni
na tayari ni Desemba, anapandisha Shimbwe,
shemeji zake wote wako barazani.

Mimi nimechuchumaa.
Nimetoa sarafu ya mia mbili,
naichomeka kati ya kashata na kashata
nione simba wanazama mpaka wapi.
Haya nilijifunza Aprili.

Aprili tairi zetu zilikuwa kipara.
Kipara cha heshima, alisema Terewaeli,
kilomita bado zimo.
Usiku ule mama mkwe alikuwa kiti cha nyuma,
kichwa pajani kwangu, pumzi fupi fupi,
tunateremka kwenda KCMC,
na gari likaanza kushuka lenyewe,
bila haraka, bila kelele,
usukani umekatwa kulia, lenyewe linakwenda kushoto
kama mtu mzima aliyekwisha amua.
Tukaishia kwenye mfongo,
maji yanapita chini ya mlango, yanaenda zake
kumwagilia migomba ya watu.
Tulimbeba kwa blanketi hadi lami.
Watu sita, tochi moja ya simu.

Alipona. Nasema mapema, usije ukaniandalia rambirambi.
Alipona, na hadi leo akiniona, kabla ya salamu:
"Gari mmelinunulia viatu?"

"Geuza," namwambia Mchomvu.
Ubavuni, ndani ya kiduara, tarakimu nne:
wiki ya ishirini na tatu, mwaka wa kumi na sita.
Wiki aliyozaliwa Anaeli wangu.
Anaeli ameng'oka meno ya utoto, ameota mengine,
ameuma miwa, penseli, na mkono wa kaka yake.
Hii imekaa stoo na meno yake yote,
haijauma barabara hata moja,
na imezeeka.
Naipinda kidogo: nyufa nyembamba nyembamba,
magaga ya kisigino ambacho hakijawahi kutembea.

Mchomvu anacheka, anajikuna shingo.
"Mama, umesomea wapi?"
"Mfongoni."

Nabaki na ya katikati. Wiki ya arobaini, mwaka jana.
Ya njia zote, maana yake haina njia iliyo yake:
kwenye lami itanguruma kidogo,
kwenye tope itasita kidogo.
Nayajua maisha hayo.
Jumatatu niko benki, dirisha namba tatu, viatu vya kuchuchumia;
Jumamosi niko shambani kwa mkwe, gambuti hadi magotini,
na huku wananiita wa mjini, na kule wananiita wa mlimani.

"Nne," anasema Terewaeli.
"Tano."
"Sipea si ipo?"
Simjibu. Namtazama tu,
mpaka na yeye anaisikia ile pumzi ya kiti cha nyuma.
"Tano," anamwambia Mchomvu.
Vigae vya jikoni vitasubiri. Vimezoea.

Mchana, getini kwa shule,
Anaeli hapandi garini kwanza.
Anapiga magoti, anang'oa vinywele vya mpira,
kimoja kimoja, anavitia mfukoni mwa sketi.
"Zinauma?" anauliza.
"Ndiyo kazi yake," anasema baba yake.

Mvua bado.
Jumapili tulipanda Shimbwe kwenye vumbi tupu,
tairi zikinguruma chini yetu kama mashine ya kusaga iliyo mbali.
Terewaeli alikuwa anaendesha, anasimulia mpira.
Tulipofika pale kwenye mfongo
akanyamaza, akazima redio,
akapita polepole,
mikono yote miwili kwenye usukani.